Imani, marafiki na pombe vyuoni: Kamati za sharika zifanye nini?

Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya Dayosisi mbele ya kamati za sharika, Baray, wilaya ya Karatu



Baba Mchungaji, wainjilisti, wazee wa usharika, wajumbe wa kamati za elimu, akina mama, vijana, na ninyi wageni wetu mnaochangia mfuko wa elimu kutoka mbali: awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetufikisha hapa salama. Tunawashukuru pia kwa kuacha mashamba ya vitunguu katika siku ambazo maji ya zamu hayamsubiri mtu.

Tumeombwa tuzungumzie uhusiano kati ya kushiriki mambo ya dini na tabia ya unywaji pombe kwa wanafunzi wa vyuo. Sababu tunaijua sote. Mezani kuna hoja kwamba kila mwanafunzi anayesaidiwa na mfuko wa elimu atie sahihi ahadi ya kutogusa pombe, na atakayeonekana baa aondolewe mara moja kwenye orodha ya ufadhili. Wapo wanaoiunga mkono kwa moyo wote. Wapo wanaosema kunywa ni jambo la mtu na Mungu wake. Kura itapigwa leo mchana. Tunaomba kabla ya kura tutazame kwa pamoja kile kinachojulikana.

Hali ilivyo

Mwaka 2015 ulitolewa utafiti mkubwa kuhusu vijana wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza. Walihojiwa vijana 1,954 wa makundi manne: wanafunzi wa sekondari, wanafunzi wa vyuo, waajiriwa na vibarua. Kundi lililoongoza kwa unywaji lilikuwa wanafunzi wa vyuo. Kati ya wanaume wa vyuoni, asilimia 45 walikuwa wanywaji wakati huo, na kati ya wanawake asilimia 26. Waliofuata walikuwa vibarua. Kilimanjaro ilizidi Mwanza kwa mbali.

Takwimu hizi zinatufundisha mambo mawili. La kwanza, msomi hana kinga. Tumezoea kudhani kwamba pombe ni tatizo la asiye na kazi wala elimu, na kwamba kijana akishavuka kidato cha sita amevuka na hatari. Sivyo. Chuoni kijana anapata kwa mara ya kwanza fedha yake mwenyewe, chumba chake mwenyewe, na jioni isiyo na mzazi wala mwalimu wa zamu.

La pili husahaulika. Ikiwa wanaume 45 katika 100 walikuwa wanakunywa, basi 55 hawakuwa wanakunywa. Kwa wanawake, 74 hawakuwa wanakunywa. Wengi walikuwa upande wa kutokunywa! Lakini mwulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, atakuambia chuoni kila mtu anakunywa. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walionyesha kwamba wanafunzi huwadhania wenzao kuwa wanywaji kuliko walivyo. Anayekunywa huonekana na kusikika. Anayelala mapema hasikiki. Kijana anayeamini kwamba yuko peke yake hushawishika upesi, hata kama bweni zima limejaa wenzake wasiokunywa.

Nani alikunywa zamani?

Hapa bondeni tuko Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, na wengi waliohamia kwa ajili ya kilimo. Pombe haikuletwa na chuo. Lakini wazee waliopo hapa wanajua kwamba zamani haikuwa ya kila mtu, kila siku. Kwa Wadatoga, pombe ya asali ilikuwa kinywaji cha sherehe na cha heshima, na wazee ndio waliokuwa na haki nacho. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki, anaonyesha kwamba katika jamii nyingi za eneo hili unywaji ulihesabiwa kuwa haki ya wazee wa kiume. Yeye mwenyewe anatuonya kwamba maneno ya wazee kuhusu zamani hayakuwa picha kamili ya mambo yalivyokuwa. Hata hivyo, ulikuwepo utaratibu: nani anywe, lini, na mbele ya nani.

Kilichoondoa utaratibu huo ni fedha. Pombe ilipokuwa bidhaa ya kununua, mwenye fedha ndiye mwenye haki, awe na miaka 60 au 19. Sisi wa bonde la Eyasi hatuhitaji maelezo marefu. Tunajua kinachotokea wiki ambayo magari ya vitunguu yamepakia na kijana amelipwa kwa mkupuo. Huko chuoni mkupuo huo unaitwa bumu, yaani fedha ya chakula na malazi inayotoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Mwanafunzi hapewi kila siku. Anapewa ya wiki nyingi kwa wakati mmoja. Wanafunzi waliorudi likizo walitueleza kwamba siku za bumu ndizo siku za majaribu, na kwamba baadhi ya wenzao humaliza fedha ya chakula kabla ya nusu ya muda, kisha huishi kwa kukopa. Anayefanya hivyo anarudi kwa nani? Anarudi kwa mzazi Baray, na mzazi anauza mbuzi.

Je, dini inasaidia?

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu lina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayohusu kura yetu.

Tafiti za nchi nyingi kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba wanafunzi wanaoshiriki kwa dhati mambo ya imani yao hunywa kidogo kuliko wasioshiriki, na wengi hawanywi kabisa. Angalieni neno kushiriki. Kuandikwa Mkristo kwenye fomu ya kujiunga na chuo hakumzuii mtu. Kinachoonekana kusaidia ni kuhudhuria, kuimba kwaya, kuwa na zamu, kutegemewa.

Kwa nini? Kwanza, ni muda. Jioni ya mazoezi ya kwaya si jioni ya baa. Pili, ni marafiki. Vijana hunywa kama marafiki zao wanavyokunywa, na ushirika wa wanafunzi humpatia mgeni marafiki tayari katika wiki ambayo hajamjua mtu. Tatu, ni jicho la upendo. Asipoonekana Jumapili mbili, kuna mtu atamgongea mlango. Nne, ni imani yenyewe: kijana anayejua ameitwa kwa kazi fulani ana sababu ya kuamka asubuhi akiwa na akili timamu.

Vyombo vya kazi hiyo vipo. Sekondari wako UKWATA. Vyuoni wako USCF chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, TAFES, na CASFETA kwa ndugu zetu Wapentekoste. Wakatoliki wana TYCS, na ndugu zetu Waislamu wana TAMSYA. Mwanafunzi kutoka Baray akifika Dodoma, Moshi au Arusha hakosi mlango wa kubisha. Mara nyingi anakosa mtu wa kumwonyesha mlango huo.

Sasa masharti. La kwanza: tusichanganye sababu na matokeo. Kijana asiyependa pombe huenda kwenye ushirika kwa sababu tayari hapendi pombe. Anayeanza kunywa huacha ushirika kwa aibu. Kwa hiyo tukihesabu waliobaki tu, tutakuta karibu wote hawanywi, tutapiga makofi na kusema mradi umefaulu. Hao walioondoka hatukuwahesabu. Hili tunalisema hasa kwa wafadhili wetu, ambao wana haki ya kuuliza matokeo. Ripoti inayowataja waliobaki tu ni sawa na mkulima anayehesabu vitunguu vilivyofika sokoni akasahau vilivyooza ghalani.

La pili ndilo zito zaidi. Mwaka 1953 Robert Straus na Selden Bacon wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti kuhusu unywaji katika vyuo 27 vya Marekani, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 15,000. Waliona kwamba Wayahudi walikuwa na wanywaji wengi kuliko wote, lakini walevi wachache. Wamormoni, ambao dini yao inakataza pombe kabisa, walikuwa na wanywaji wachache. Lakini wale Wamormoni wachache waliovunja katazo walipata matatizo mengi zaidi kutokana na pombe kuliko wanywaji wa madhehebu mengine.

Maelezo yanayotolewa ni haya. Kijana wa Kiyahudi alijifunza kunywa mezani kwa baba yake, kidogo, pamoja na sala na chakula, na ulevi ukawa fedheha. Kijana aliyekatazwa kabisa, akivuka mstari, hana kipimo. Hajafundishwa mahali pa kusimama. Tena anakunywa kwa kujificha, na hana wa kumwambia, maana kwa jamaa zake amekwisha kuwa mkosaji.

Hatusemi haya ili tuwafundishe vijana kunywa. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na ripoti yake ya mwaka 2024 ilikadiria vifo milioni 2.6 duniani kutokana na pombe katika mwaka 2019. Kijana asiyekunywa amechagua vema, na tumtie moyo. Tunasema haya ili tujue kwamba katazo hupunguza idadi ya wanaoanza, lakini linaweza kumwacha pabaya yule aliyekwisha kuanza. Usharika una vijana wa aina zote mbili.

Sisi Walutheri tunasimama wapi?

Ndugu wajumbe, tuwe wakweli. Kanisa letu halina historia ya katazo kama ya Waadventista. Martin Luther alikunywa bia, na mkewe Katharina von Bora aliipika nyumbani Wittenberg. Vijana wetu wanayajua haya, na wanaijua arusi ya Kana. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi kwetu, ulileta msimamo mwingine: aliyeokoka anaacha pombe. Misimamo yote miwili imeketi katika benchi moja la kanisa hadi leo. Mwenye nyumba anaweza kuwa mzee wa usharika asiyeonja, na jirani yake mzee wa usharika anayekunywa chupa mbili jioni.

Kijana anaona. Na mahali anapoona zaidi ni kwenye sherehe ya kipaimara. Asubuhi amevaa nguo nyeupe, amepiga magoti, ameungama imani yake mbele ya usharika. Saa nane mchana yuko chini ya turubai lenye jina lake, na kreti zimepangwa nyuma ya mwenye muziki. Wageni wanakunywa kwa heshima yake, na yeye ana miaka 14. Katika sherehe nyingi za kaskazini mwa nchi yetu hali ndiyo hii. Wakati huo huo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza muuza pombe kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Je, ahadi ya kutokunywa tunayotaka aisaini akiwa na miaka 20 itakuwa na uzito gani kuliko somo alilopewa siku ya kipaimara? Samaki mkunje angali mbichi.

Kuhusu hoja iliyo mezani

Tumekwisha kueleza kwamba kijana anayeanza kunywa huondoka kwenye ushirika kwa aibu, na kwamba anayejificha huumia zaidi. Hoja ya kumfuta mara moja inaongeza sababu za kujificha. Itafanya pia kazi nyingine mbaya: itawafanya vijana wenzake wawe wapelelezi au waongo. Mwanafunzi atakayemwona rafiki yake amelewa atajua kwamba akisema, rafiki atakosa ada. Atanyamaza. Na barua ya mchungaji ya kuthibitisha mwenendo itakuwa barua ambayo kila mtu anajua haikusema kitu.

Lakini hatukubaliani pia na wanaosema ni jambo la mtu na Mungu wake. Fedha ya mfuko huu ni ya mjane aliyetoa debe la mahindi na ya mfadhili aliyejinyima. Kijana anayeinywa lazima aulizwe. Tunachoomba ni kwamba aulizwe mapema, na mtu anayemfahamu, wakati bado kuna la kuokoa.

Mapendekezo

Kwa hiyo ofisi ya miradi inapendekeza mambo sita badala ya ahadi ya kutia sahihi.

1. Mwanafunzi asiondoke na barua tu. Kabla ya chuo kufunguliwa, katibu wa usharika ampigie simu mchungaji wa wanafunzi au kiongozi wa ushirika wa chuo, amtaje kijana kwa jina na siku ya kuwasili, ili apokelewe. Wiki za kwanza ndizo zinazoamua marafiki. Tukichelewa hadi Krismasi, baa imekwisha kumpokea.

2. Kila mwanafunzi awe na mlezi mmoja wa usharika. Mlezi si mpelelezi. Ni mtu wa kumpigia kijana simu mara moja kwa mwezi, na hasa wiki ya bumu. Aulize chakula, masomo, marafiki, na aulize pombe waziwazi bila kupaza sauti. Akina mama wa usharika wanaiweza kazi hii kuliko ofisi yoyote.

3. Fedha ya mfuko itolewe kidogo kidogo. Ada ilipwe moja kwa moja chuoni, na fedha ya matumizi itumwe kila mwezi kwa simu, isitumwe kwa mkupuo. Hii si adhabu. Hata mkulima mzuri hamwagilii shamba maji ya msimu mzima kwa siku moja.

4. Sherehe za kipaimara zisiwe na pombe. Hatupendekezi sheria ya nyumba ya mtu kwa siku nyingine. Tunaomba siku hiyo moja, na tunaomba wazee wa usharika waanze kwa watoto wao.

5. Aliyekwisha kuzama atibiwe. Lipo dodoso la maswali 10 lililoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, linaloonyesha kama unywaji wa mtu umefikia kiwango cha hatari. Maswali yake ya mwanzo ni mepesi: unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku, na mara ngapi unapitiliza. Mlezi anaweza kuuliza hayo. Na tuonye: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Maombi yaendelee, lakini apelekwe hospitali. Ufadhili wake usimamishwe tu baada ya kuitwa, kusikilizwa na kupewa nafasi ya matibabu, na nafasi yake itunzwe kwa mwaka mmoja.

6. Tuhesabu wote. Kila mwaka kamati iandike wangapi walianza, wangapi wanashiriki ushirika wa chuo, wangapi wameacha ushirika na wangapi wameacha chuo. Majina yabaki kwa mchungaji. Hesabu ije kwetu na kwa wafadhili. Baada ya miaka mitatu tutajua kama tunasaidia au tunajisifu.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji vocha za simu, daftari na watu. Serikali nayo ina sehemu yake. Tarehe 1 Machi 2017 ilipiga marufuku pombe kali ya kwenye mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita viroba, ambayo kijana aliinunua kwa sarafu na kuificha mfukoni. Ilikuwa hatua njema. Lakini chupa zipo, na gongo ipo ingawa sheria inaikataza. Hakuna marufuku inayoweza kumgongea kijana mlango na kumwuliza kwa nini hakuonekana kwaya. Hiyo ni kazi ya watu wanaomjua jina.

Tukipitisha hoja kama ilivyo, mwakani tutakuwa na orodha fupi na safi, na hatutajua walioondolewa wako wapi. Tukipitisha mapendekezo haya, orodha yetu itakuwa na majina yanayotusumbua, na yatatugharimu simu nyingi za usiku. Sisi tunaomba mchague orodha ya pili.

Baba Mchungaji, wazee wetu, uamuzi sasa ni wenu. Fomu za kujitolea kuwa mlezi ziko kwa katibu, mezani karibu na mlango. Tafadhali msiondoke kabla ya kuziona.